HADITHI ZA MAJIRANI, MITAMBO YA WAGENI

Mazungumzo baada ya habari: Nchi jirani. Mwaka 2023 katika filamu za katuni

Mwezi Julai mwaka 2023 majirani watatu wa Tanzania walitajwa duniani kwa jambo ambalo halikuwa vita, njaa wala mkutano wa wakuu wa nchi. Tarehe 5 ya mwezi huo kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa kwa njia ya intaneti mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni uitwao "Kizazi Moto", na miongoni mwa filamu hizo imo ya Mganda na imo ya Mkenya. Tarehe 20 ya mwezi huo huo kampuni nyingine ya Marekani, Netflix, ilianza kuonyesha mfululizo wa katuni uitwao "Supa Team 4", ambao umebuniwa na Mzambia na ambao mashujaa wake ni wasichana wanne wa mji wa Lusaka. Baina ya tarehe hizo mbili ilipita Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 7 Julai.

Wengi waliupokea mwezi huo kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya haki. Kwa miaka mingi mtoto wa Kampala, wa Nairobi, wa Lusaka na wa Dar es Salaam amekulia mbele ya katuni zilizochorwa ng'ambo, zenye paka, panya, sungura na mashujaa wa mataifa mengine. Na mara chache alipomwona Mwafrika humo, aghalabu alimwona akiwa mtu wa kuchekwa. Hata hivyo, furaha peke yake haitoshi kulieleza jambo hili. Hadithi zilitoka kwa majirani, lakini mitambo, fedha na ufunguo wa mlango wa kuonyeshea vilibaki mikononi mwa wageni. Pande zote mbili zafaa kutazamwa.

Huenda askari akauliza: katuni ni mambo ya watoto, nazo zinahusu nini kambi za jeshi na vituo vya polisi? Jibu la kwanza limo katika nyumba za kambini zenyewe. Askari anapokuwa lindoni, mafunzoni au katika kazi ya kulinda amani nje ya nchi, mtoto wake yupo nyumbani mbele ya televisheni, na anayoyaona hapo humwingia mapema kuliko masomo ya shule. Jibu la pili limo katika historia ya majeshi, maana majeshi ya mataifa makubwa yaliutambua uwezo wa katuni zamani, na yakautumia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani liliandikisha vijana kwa mamilioni, na si wote waliokuwa na elimu ya kusoma vitabu vya maagizo na kuvielewa. Kitengo cha filamu cha jeshi, kilichoongozwa na Frank Capra, mwongozaji mashuhuri wa sinema aliyekuwa ameingia jeshini, kikaanza mwaka 1943 kutoa katuni za askari mmoja wa cheo cha chini kabisa aitwaye Private Snafu. Miongoni mwa walioziandika alikuwamo Theodor Geisel, ambaye vitabu vyake vya watoto vinajulikana kwa jina la Dr. Seuss, na picha zilichorwa na mafundi wa studio ya Warner Bros., wale wale waliomchora sungura Bugs Bunny.

Snafu alikuwa kielelezo cha askari asiyefaa. Katika filamu ya "Spies" ya mwaka 1943 anaijua siri ya safari ya meli kwenda Afrika. Anaapa hataitoa, kisha anaitoa kidogo kidogo: neno moja katika simu, jingine katika ulevi, jingine mbele ya mwanamke asiyemfahamu, mpaka nyambizi za adui zinaisubiri meli yake baharini. Katika filamu nyingine, ya mwaka 1944, anamdharau mbu wa malaria, na mbu anamshinda. Katuni hizo zilionyeshwa kwa askari peke yao. Walicheka, na katika kucheka huko walijifunza kufunga midomo na kujikinga na ugonjwa.

Upande wa pili wa vita hiyo ulifanya vivyo hivyo. Katuni ndefu ya kwanza ya Japani, iitwayo "Momotaro: Umi no Shinpei", iliagizwa na wizara ya jeshi la majini la nchi hiyo. Inaonyesha wanyama waliovaa sare za wanamaji wa Kijapani wakiwafundisha lugha yao wanyama wa visiwa vya kusini, kisha wakiwashinda Wazungu. Ilitolewa mwezi Aprili mwaka 1945, na mwezi Agosti Japani ikasalimu amri. Ukoloni wa Kijapani ulipambwa humo ukaonekana kuwa ni ukombozi, na mtoto aliyetazama hakuwa na njia ya kuutambua.

Vita ilipokwisha, silaha hii haikuwekwa ghalani. Mwaka 1954 studio ya John Halas na Joy Batchelor nchini Uingereza ilitoa katuni ndefu ya "Animal Farm", iliyotokana na kitabu cha George Orwell cha mwaka 1945. Kitabu hicho wasomaji wa Afrika Mashariki wanakifahamu kwa jina la "Shamba la Wanyama", katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa mwaka 1967. Baadaye ilibainika kwamba fedha za filamu hiyo zilitoka kwa siri katika shirika la kijasusi la Marekani, CIA. Mwisho wa hadithi nao ulibadilishwa: kitabuni wanyama wanabaki wanyonge wakiwatazama nguruwe waliogeuka kuwa kama watu, ilhali katika filamu wanyama wanaasi mara ya pili na kuwaangusha nguruwe. Watazamaji walilipa kiingilio wakidhani wameangalia hadithi tu. Katuni ni chombo kisicho na upande wake chenyewe. Upande wake ni wa yule anayeilipia.

Hapo ndipo gharama inapopaswa kueleweka. Katuni ni mlolongo wa picha zisizotembea, zinazopitishwa mbele ya macho kwa kasi mpaka macho yanadhani yanaona mwendo. Kwa kawaida ya sinema, sekunde moja huhitaji picha 24. Dakika moja, basi, ni picha 1,440, na filamu ya dakika kumi ni picha 14,400. Mchoraji akibana matumizi, akaitumia kila picha mara mbili, bado zinabaki 7,200. Kompyuta imepunguza kazi ya mkono, lakini haikuifuta kazi ya kubuni wahusika, kupanga mwendo wao, kupaka rangi, kuweka mwanga na kutia sauti. Dakika kumi za katuni nzuri ni kazi ya watu wengi kwa miezi mingi, na watu hao wanataka mishahara kabla filamu haijaingiza hata shilingi moja. Ndiyo sababu hadithi nzuri peke yake haizai filamu, na ndiyo sababu mwenye fedha huwa na sauti kubwa kuliko mwenye hadithi.

Kwa kuanzia na jirani wa kusini-magharibi, Malenga Mulendema wa Zambia ameeleza kwamba alipokuwa mtoto alitazama katuni akaona kuwa mashujaa wake hawafanani naye, wala hawaishi mahali panapofanana na kwao. Mwaka 2015 alipeleka wazo lake katika mashindano ya hadithi yaliyoandaliwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town, akawa mmoja wa washindi wanane. Mwezi Aprili mwaka 2019 Netflix ilitangaza kwamba wazo hilo litakuwa mfululizo wake wa kwanza wa katuni kutoka Afrika. Miaka minne zaidi ilipita kabla mfululizo haujaonekana. Wasichana wanne, Zee, Temwe, Komana na Monde, wanaishi katika Lusaka ya wakati ujao, na wanaandikishwa na Mama K, jasusi mstaafu ambaye bado ameazimia kuiokoa dunia ingawa kasma yake ni ndogo. Kila mkuu wa stoo katika kikosi chochote atamwelewa Mama K bila maelezo zaidi.

Kwa askari wa umri mkubwa, jina la Lusaka lina kumbukumbu nyingine. Mji huo ulikuwa makao ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, na Zambia ililipa gharama ya msimamo huo pamoja na Tanzania na nchi nyingine za mstari wa mbele. Mwezi Mei mwaka 1986 ndege za serikali ya makaburu zilishambulia karibu na mji huo. Miaka 37 baadaye, wasichana wa Lusaka wakachorwa kuwa mashujaa kwa ushirikiano wa binti wa Zambia na studio ya Afrika Kusini, nao mchoraji aliyewabunia sura, Malcolm Wope, ana asili ya Kameruni. Haya ni matunda ya ukombozi ambayo hayakuandikwa katika hotuba yoyote ya wakati ule, lakini ni matunda yake halisi.

Kaskazini, nchini Uganda, mwongozaji Raymond Malinga na studio ya Creatures ya Kampala walikwisha kujulikana kwa filamu fupi ya mwaka 2017, "A Kalabanda Ate My Homework", iliyotokana na zimwi linalosimuliwa na wanafunzi wa shule za Uganda. Katika "Kizazi Moto" Malinga alitoa filamu ya "Herderboy". Humo kuna wafugaji ambao miili yao ni nusu ya mtu na nusu ya mashine, wanaowalinda ng'ombe wa thamani kubwa dhidi ya mazimwi ya nyikani. Mtoto aitwaye Ndahura anapanda dume lake kwenda kuthibitisha kwamba naye ni mchungaji kamili, na huko nyikani anajifunza kwamba hatari ni kubwa kuliko alivyodhani. Kila kuruta aliyewahi kuona lindo la usiku kuwa ni kazi nyepesi anaijua hali hiyo.

Jina la Ndahura halikuokotwa. Katika masimulizi ya kale ya Bunyoro, Ndahura ni mfalme wa Bachwezi, wale watawala wa dola ya Kitara wanaosemekana walitokea kwa ajabu na wakatoweka kwa ajabu. Masimulizi hayo hayakusimama kwenye mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani. Wahaya wa Mkoa wa Kagera nao wana habari za Bachwezi, na jina la Wamara, mfalme wa mwisho wa ukoo huo, linajulikana huko tangu enzi za mababu. Mkoa huo askari wa Tanzania wanaujua kwa sababu ya vita vya mwaka 1978 na 1979, wakati majeshi ya Idi Amin yalipovamia na yakafukuzwa. Ni vema kukumbuka kwamba watu wa pande mbili za mpaka ule walikuwa na mashujaa wa hadithi wa pamoja kabla ya Amin, na wameendelea kuwa nao baada yake.

Kenya nayo iliwakilishwa na Ng'endo Mukii, mwongozaji ambaye filamu yake ya "Yellow Fever" ya mwaka 2012 ilizungumzia wanawake wanaojichubua ngozi ili waonekane weupe. Filamu yake katika mkusanyiko wa mwaka 2023 inaitwa "Enkai". Ni jina la Mungu kwa lugha ya Kimaasai, na linatamkwa katika boma la Narok kama linavyotamkwa katika boma la Ngorongoro. Mukii anasimulia habari za msichana mwenye uwezo wa kuumba, na mama yake Enkai, mama wa dunia, wakati binadamu wanapoiharibu dunia hiyo kwa mikono yao wenyewe. Hapa tena hadithi ni ya nchi mbili, na mchoraji ni wa nchi moja.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa Nairobi. Mwaka 2010 mfululizo wa "Tinga Tinga Tales" ulianza kuonyeshwa katika idhaa ya watoto ya televisheni ya BBC. Ulichorwa Nairobi na vijana wa Kenya, ukatayarishwa na kampuni ya Kiingereza, na ukatumia mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972 baada ya kupaka rangi vibao vyake kwa miaka michache tu. Mtindo ukawa wa Tanzania, mkono ukawa wa Kenya, na kampuni ikawa ya London. Mgawanyo huo wa kazi unafanana mno na ule wa pamba na kahawa: zao linalimwa hapa, kiwanda kipo kule.

Ndipo lilipo tatizo la mwaka 2023. Mkusanyiko wa filamu kumi za Disney ulipewa jina la Kiswahili, ingawa mwalimu wa lugha angesema kwamba sahihi ni "kizazi cha moto". Wabunifu zaidi ya 70 walileta mawazo yao, kumi yakachaguliwa kutoka nchi sita: Afrika Kusini, Zimbabwe, Uganda, Kenya, Nigeria na Misri. Mtayarishaji mkuu alikuwa Peter Ramsey, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar kwa kuongoza katuni ndefu. Yote hayo ni ya kusifiwa. Lakini huduma ya Disney+ iliyouonyesha mkusanyiko huo, ambayo ilifunguliwa Afrika Kusini mwaka 2022, ilikuwa bado haijafunguliwa Kampala, Nairobi wala Dar es Salaam. Yaani filamu zenye jina la Kiswahili zilitolewa katika wiki ya Siku ya Kiswahili, na mtoto wa nchi zinazozungumza Kiswahili hakuweza kulipia akaziona kwa halali akiwa nyumbani kwao. Kaka yake aliyeko ughaibuni, London au Chicago, aliweza.

Netflix, kwa upande wake, ilipatikana Lusaka na Dar es Salaam. Lakini ilihitaji malipo ya kila mwezi, kompyuta au simu ya kufaa, na intaneti yenye kasi. Kwa familia za vijijini milango hiyo mitatu ni sawa na ukuta. Katika mwezi Januari mwaka 2024 likaja onyo jingine: kampuni ya Amazon ilitangaza kwamba huduma yake ya Prime Video inaacha kuagiza kazi mpya za Afrika. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwenye duka alihesabu faida yake, akafunga dirisha. Wasanii waliokuwa wakilitegemea dirisha hilo wakabaki nje na hadithi zao mikononi.

Ni vizuri kulinganisha na yaliyotokea kwingineko mwaka huo huo. Katuni iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote mwaka 2023 ilikuwa "The Super Mario Bros. Movie", iliyopata zaidi ya dola bilioni 1.3. Mhusika wake ni wa kampuni ya Nintendo ya Japani, na kampuni hiyo haikuuza hadithi yake na kwenda nyumbani. Ilikaa mezani ikiwa mtayarishaji mwenza. Japani hiyo hiyo, mzee Hayao Miyazaki, mwenye umri wa miaka 82, alitoa tarehe 14 Julai filamu iliyochorwa kwa mkono, ambayo nje ya nchi yake huitwa "The Boy and the Heron". Studio yake ya Ghibli haikuitangaza kwa lolote isipokuwa bango moja. Watu walijaa, na mwezi Machi mwaka 2024 ikapata Oscar. Hata hivyo studio hiyo nayo, kwa kukosa mrithi, iliingia chini ya kampuni ya Nippon Television katika mwezi Oktoba mwaka 2023. Ilipotafuta mlezi ilimpata nchini mwake.

China ilitoa somo lililo wazi zaidi. Mwezi huo huo wa Julai studio ya Light Chaser ya Beijing ilitoa katuni ya karibu saa tatu, "Chang'an San Wan Li", kuhusu washairi wa enzi ya wafalme wa Tang, zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Msimulizi wake ni Gao Shi, mtu wa kweli wa historia, aliyekuwa mshairi na kamanda wa jeshi. Akiwa mzee katika ngome inayotishiwa na adui, anamsimulia mjumbe wa mfalme maisha ya rafiki yake Li Bai, mshairi mkubwa kuliko wote wa wakati wao. Humo wanaghani makumi ya mashairi ambayo watoto wa Kichina hufundishwa shuleni, na kamanda haonekani mpungufu kwa kupenda ushairi. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya yuani bilioni 1.8, na karibu zote zilitoka kwa Wachina wenyewe. Hadithi yao, fedha yao, studio yao, ukumbi wao na mtazamaji wao. Kwa hiyo hawakumngoja mtu yeyote awafungulie mlango.

Hata katika nchi tajiri mambo hayakuwa shwari. Kuanzia tarehe 2 Mei hadi tarehe 27 Septemba mwaka 2023 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani walikuwa katika mgomo, na kuanzia Julai waigizaji waliungana nao hadi Novemba. Pamoja na madai ya malipo, walitaka kinga dhidi ya kompyuta zinazotunga maneno na kuiga sauti na sura za watu. Kwa hiyo hofu ya kunyang'anywa kazi na mwenye mitambo si ya Mwafrika peke yake. Tofauti ni kwamba mfanyakazi wa kule ana chama chenye nguvu na mkataba anaoweza kuusoma kwa lugha yake.

Je, nchi zisizo na mabilioni zifanye nini? Mifano ya Afrika yenyewe inajibu. Mwaka 2003, nchini Zimbabwe, ilitengenezwa katuni ndefu ya "Legend of the Sky Kingdom", ambayo vibonzo vyake viliundwa kwa vyuma chakavu na takataka, kwa sababu vifaa vya dukani vilikuwa ghali au havikuwapo. Tanzania yenyewe ina mfano wa Ubongo, shirika la Dar es Salaam ambalo tangu mwaka 2014 limetoa katuni za kufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Katuni hizo zilianza katika televisheni ya taifa, ambako mtoto haulizwi kama ana kadi ya benki, kisha zikavuka mipaka kwenda kwa majirani. Hazina fahari ya Disney. Lakini zilimfikia mtoto ambaye "Kizazi Moto" haikumfikia.

Mambo matatu, basi, yanajitokeza. La kwanza ni kwamba televisheni za umma za nchi jirani zingeweza kununua na kubadilishana katuni za wenyewe kwa wenyewe, maana Herderboy anaeleweka Bukoba bila mkalimani na Enkai anaeleweka Monduli bila kamusi. La pili ni kwamba msanii anayetia sahihi mkataba na kampuni ya ng'ambo anahitaji mwanasheria kabla ya kuhitaji kompyuta, kwa kuwa hakimiliki ikiuzwa mara moja, mjukuu wake hatairudisha. La tatu linawahusu polisi moja kwa moja. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nakala ya wizi ya filamu inayouzwa kituo cha basi huonekana kuwa kosa dogo, nayo ikiwa ni ya kampuni tajiri ya ng'ambo ni rahisi kulipuuza. Lakini siku itakayokuwa nakala ya kijana wa Kampala au wa Tabata, itakuwa imeibwa mishahara ya wachoraji walioketi miezi mingi juu ya picha 14,400. Askari anayeijua hesabu hiyo hatauliza kwa nini ameagizwa kuzikamata.

Majeshi nayo yana la kujifunza. Private Snafu alitengenezwa kwa sababu makamanda walikubali kwamba askari anakumbuka kisa cha kuchekesha kuliko waraka. Mafunzo ya kutunza siri, kujikinga na malaria, usalama barabarani na kuwasikiliza raia kwa heshima yanaweza kuchorwa na vijana wa nchi hizi, kwa Kiswahili, kwa askari mwenye jina la hapa na makosa ya hapa. Mafunzo ya namna hiyo yangewapa wachoraji ajira, na yangewapa makuruta kitu wasichokisahau wakati wa kufoleni.

Mwaka 2023 ulithibitisha kwamba majirani wa Tanzania wana hadithi ambazo dunia iko tayari kuzitazama. Ulithibitisha pia kwamba mwenye hadithi asiye na mtambo husubiri nje ya nyumba inayosimulia habari zake. Ndahura wa filamu alipanda dume lake kabla hajajua ukubwa wa nyika, na hilo halikuwa kosa lake kubwa, maana asiyetoka hafiki. Kinachotakiwa sasa ni kuijua nyika hiyo: nani analipa, nani anamiliki, nani anaonyesha, na mtoto gani ameachwa nje. Askari wa mpakani hukagua kinachoingia nchini na kinachotoka. Hadithi nazo huingia na kutoka kila siku, na zinapotoka bure na kurudi kwa malipo, ipo bidhaa ambayo haijakaguliwa.